Shangazi, historia ya sanaa itanilisha nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, niko mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dar, nasoma shahada ya sanaa na ubunifu. Kidato cha sita nilisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza), si kwa kupenda, ila shuleni kwetu hapakuwa na somo la sanaa. Kuchora nimejifunza mwenyewe tangu shule ya msingi, na kompyuta nilifundishwa na kaka mmoja mwenye stesheneri jirani na kwetu Buguruni. Corel naijua usiku na mchana, Photoshop na Illustrator pia sijambo.

Tangu mwaka wa kwanza nafanya kazi jioni na wikiendi kwenye duka la uchapaji Kariakoo. Tunatengeneza fulana, mabango, kadi za harusi, lebo za asali na unga wa lishe, vikombe vya kuandika majina, na msimu wa kampeni ukifika hatulali. Bosi ananikubali. Sasa anafungua duka la pili na anataka niwe kiongozi wa upande wa ubunifu kwa laki nne kwa mwezi. Sharti lake ni nifanye kazi kutwa nzima, siyo jioni tu.

Chuoni kozi za kuchora na za kompyuta nafanya vizuri, napata A na B+. Kinachoniua ni historia ya sanaa na ubunifu. Mwaka huu zipo kozi mbili za namna hiyo. Mhadhiri anaweka slaidi: Misri, Wagiriki, Warumi, Leonardo, kisha Wazungu na viti vyao. Sisi tunakariri miaka na majina. Moja nimepata sapu, yaani nimefeli na nitarudia mtihani.

Baba mdogo ndiye anayenisomesha tangu baba alipofariki. Bodi ya Mikopo wananipa sehemu tu, yeye anamalizia. Alipoona matokeo aliniuliza sebuleni mbele ya wageni: "Historia ya picha? Picha ina historia gani ya kukuletea ugali?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini iliniuma. Anataka nihamie ununuzi na ugavi, au niache chuo kabisa nichukue kozi ya grafiki ya miezi sita, niingie kazini. Mama anasema nimalize nilichoanza, ila kwenye suala la ada hana sauti.

Kingine kinachonichanganya, pale dukani kuna kijana aliyeishia kidato cha nne. Anatumia akili mnemba: anaandika maneno mawili matatu, picha inatoka, mteja analipa. Mimi huku nakariri Bauhaus, shule ya ubunifu ya Wajerumani wa zamani.

Naomba uniambie ukweli, usinipambe. Niache? Nihame? Na nikibaki, hii historia nitaitumia wapi hapa Bongo?

Njia Panda, Buguruni

*

Marahaba mwanangu,

Umesema nisikupambe, basi nianze na jibu lenyewe. Usiache chuo, usihamie ununuzi na ugavi, na hiyo sapu nenda kaifanye uifaulu. Bosi wako usimkatalie kwa mkato. Nitakuambia cha kumwambia. Ila kuna mahali niko upande wako. Kama historia ya sanaa ni kukariri mwaka aliozaliwa Leonardo na kuutapika kwenye karatasi ya mtihani, baba mdogo ana haki ya kuuliza ugali uko wapi.

Hata hao Wazungu wenye viti waligombana juu ya jambo hilihili. Walter Gropius, aliyeanzisha hiyo Bauhaus yako mjini Weimar mwaka 1919, baadaye alifundisha Harvard, na hakutaka mwanafunzi mgeni aanze na historia. Aliona kwamba ukimwonyesha anayeanza kazi za mabingwa wa zamani atakata tamaa au ataiga tu. Uingereza walikata shauri kinyume chake: mwaka 1960 kamati iliyoongozwa na mchoraji William Coldstream ilipendekeza stashahada mpya ya sanaa na ubunifu itenge asilimia 15 ya muda wake kwa historia ya sanaa na masomo yanayoisindikiza. Hapa kwetu Afrika Mashariki mvutano ulitua chuo cha Makerere, Uganda. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale miaka ya 1930, alisita kuwamwagia wanafunzi wake picha za Ulaya. Cecil Todd aliyepokea kijiti mwaka 1958 ndiye aliyeiingiza historia ya sanaa ya Ulaya kwa nguvu. Kwa hiyo mhadhiri wako na slaidi zake za Wagiriki hakuanza yeye. Anaendeleza upande mmoja wa ugomvi wa zamani. Unaweza kumwuliza kwa adabu kwa nini mchoraji Sam Ntiro wa Kilimanjaro hayumo kwenye slaidi. Ntiro alipita Makerere na shule ya sanaa ya Slade, London, na picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku iko kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Baada ya Uhuru akawa balozi wa Tanganyika huko Uingereza. Mtu huyo anastahili angalau slaidi moja.

Sasa nije kwenye swali lako la kuitumia wapi. Kabla ya kujibu barua nilipanga kurasa na majalada ya vitabu kwa miaka mingi, na wachapaji nawajua. Taasisi moja, siitaji, iliagiza kanga za maadhimisho yake. Mbunifu alikuwa hodari wa kompyuta kuliko wewe na mimi. Akaweka picha kubwa ya mgeni rasmi katikati, rangi zimekolea, macho yanakutazama. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza kweli. Siku ya sherehe kina mama wakajifunga, na uso wa mgeni rasmi ukatua pale pa kukalia. Unaweza kufikiri mwenyewe mheshimiwa alitazama wapi walipogeuka kucheza.

Kijana yule hakukosa ufundi. Alikosa kujua kwamba kanga si bango. Chukua ya mama yako sasa hivi uitandaze kitandani. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, jina, yaani yale maneno yake, limekaa chini ya mji karibu na pindo la chini, kwa sababu likivaliwa lisomwe na anayekuja nyuma. Inauzwa doti, vipande viwili vimeungana, mnunuzi anakata na kupinda mwenyewe. Kwa hiyo mchoro lazima uache mahali pa kukata.

Uliza sasa kwa nini iko hivyo, na hapo ndipo historia inapoanza kufaa. Wanawake wa pwani katika karne ya 19 walinunua leso za mkononi zilizochapwa, zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita kuwa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa pamoja. Zanzibar utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamevalishwa kaniki na merikani, nguo za pamba zisizo na mapambo, walizitupa wakajifunga kanga za rangi, kila mtu aone kwamba hali imebadilika. Majina yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, na kuanzia mwaka 1968 hapo Ubungo kwenye kiwanda cha Urafiki. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" bado inachapwa ukingoni mwa kanga. Wewe unayetengeneza lebo za asali ambazo mteja anataka zibadilishwe kila Ramadhani, keti uitafakari alama hiyo: maneno matatu, ya biashara iliyokaa sokoni zaidi ya miaka 130.

Mbunifu anayejua haya, mteja akija na wazo la picha katikati ya mji, anamwuliza: mama, hizi zitavaliwa au zitatundikwa ukutani? Jina litasemaje, na anayelisoma ni nani: mumeo, mke mwenzio, au wapiga kura? Maswali hayo yanamfanya mteja akae chini. Na mteja akishakaa chini, bei haiwi tena ya kuchapa kwa kila kipande, inakuwa bei ya ushauri. Sijaona historia ikimletea mtu ugali kwa njia fupi kuliko hiyo.

Chukua na picha za Tingatinga, ambazo nadhani mmezichapa kwenye vikombe hadi mmezichoka. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968 kwa rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Nyingi za mwanzo zilikuwa mraba wa takriban sentimita 60. Futi mbili kwa mbili: bodi ya futi nne kwa nane inatoa vipande vinane bila kubakiza kitu. Ule mng'ao na yale mapana ya rangi moja yametokana na kopo la rangi na mfuko wa mchoraji, siyo na "roho ya Afrika" inayosimuliwa watalii. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, na wanafunzi wake wakaendeleza. Anayefahamu hivyo haweki tembo na twiga kwenye kila kazi inayotakiwa "kuwa ya Kiafrika". Anatazama vifaa vilivyopo mezani kwake na kuuliza vinaweza nini.

Kuhusu yule kijana na akili mnemba, usimdharau wala usimwogope. Mwombe aiambie programu ichore kanga. Huenda akapata kitu kama kitenge chenye herufi zisizosomeka, pindo limeishia pande mbili. Nani atagundua kabla ya mama wa vikoba kugundua? Na hata kuiagiza vizuri kunahitaji msamiati: mashine haijui unataka nini mpaka uitajie zama, mtindo, malighafi na mkono wa mchapaji. Msamiati huo ndio unaoukariri kwa machozi darasani. Ila umeukariri bila kuona vitu vyenyewe, ndiyo maana haukai.

Kazi zipo? Tangazo linalosema "anahitajika mwanahistoria wa sanaa" utalisubiri sana, na anayesoma historia peke yake bila mkono wa kutengeneza kitu atapata taabu hapa kwetu. Wewe mkono unao. Ukiongeza historia, milango inayofunguka ni ya vifungashio na chapa, ambako umeshaanza. Ya filamu na tamthilia, kwa sababu anayepanga mandhari na maleba ya hadithi ya Dar ya mwaka 1967 lazima ajue kiti gani kilikuwa sebuleni na kanga gani ilikuwa mtindo, na watazamaji wenye bibi zao hai wanamuumbua akikosea. Ya makumbusho na maonyesho, kuanzia Makumbusho ya Taifa hadi Nafasi Art Space pale Mikocheni. Zanzibar, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883 lilibomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Majengo kama hayo hayatengenezwi na wahandisi peke yao. Lazima awepo anayeweza kusoma nakshi za mlango. Hoteli za kule nazo zinataka milango na mapambo "ya asili", na nyingi zinauziwa mchanganyiko usio na kichwa wala miguu. Ukifika Nairobi, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa uone mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa mtu wa pili kushika umakamu wa rais wa Kenya. Uutazame kama mtu wa biashara: kuna waliolipwa kununua, kuorodhesha, kuandika maelezo na kupanga.

Halafu kuna sheria, jambo ambalo bosi wako halifikirii kabisa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa hata sanaa za jadi, na Zanzibar wana yao. Duka linalochukua mchoro wowote mtandaoni na kuuchapa kwenye fulana mia tano linacheza kamari. Mtu anayeweza kusema huu ni wa nani, wa lini, na una ruhusa gani, analiokoa duka na kesi. Mkumbushe hilo siku mnayozungumzia mshahara.

Twende kwenye sapu. Acha kukariri orodha. Kila kitu kilichomo kwenye slaidi kiulize: nani alilipia, kilitengenezwa kwa malighafi gani, mashine ipi mpya ilikuwa imeingia, nani alikitumia, na kabla yake watu walitumia nini. Jaribu na kiti cha Marcel Breuer wa Bauhaus, mwaka 1925. Alivutiwa na usukani wa baiskeli yake, akaona kama bomba la chuma linapindwa hivi, basi hata kiti kinawezekana. Sasa toka nenda Gerezani ukatazame mafundi wanavyopinda mabomba ya viti vya saluni na vya kumbi za harusi. Chora kiunganishi kimoja kwenye daftari: bomba limepindwa wapi, limechomewa wapi, kwa nini pale. Nakuhakikishia mwaka 1925 hautakutoka kichwani, na kwenye mtihani utakuwa na la kusema ambalo wenzako waliokariri hawana. Wagiriki nao waulize hivyohivyo. Vyungu vyao vyeusi na vyekundu ni habari ya udongo na tanuri kabla ya kuwa habari ya miungu.

Ukishafaulu, mwombe mhadhiri insha yako ijayo iwe juu ya kitu cha hapa. Wengi wao wanatamani mwanafunzi wa namna hiyo, wamezoea kusahihisha kurasa zilizonakiliwa. Fungua sanduku la bibi yako, piga picha kanga moja moja, mwulize aliipata lini, nani alimpa, jina lilikuwa linamsema nani. Andika. Hiyo ni insha, na pia ni sehemu ya jalada la kazi zako ambayo mwombaji mwingine wa ajira hatakuwa nayo, maana wote wanaleta nembo za kampuni za kubuni.

Bosi: mwambie unaitaka kazi, ila kwa sasa unaweza kumpa jioni na wikiendi kama kawaida, na likizo kutwa nzima. Mwombe malipo yawe kwa kazi, siyo kwa saa, hasa lebo na vifungashio, na nafasi ya uongozi mzungumze upya ukimaliza. Kama anakuhitaji kweli mtapatana. Akikataa, atapata mtu mwingine wa laki nne, na wewe utapata duka jingine. Kariakoo haijawahi kukosa kazi ya msimu. Usidanganyike na cheo cha kuongoza ubunifu kwenye duka ambalo bado halijafunguliwa.

Baba mdogo ni jambo la adabu zaidi kuliko hoja. Alikosea kukusema mbele za watu, lakini pesa inatoka mfukoni mwake na hofu yake ni ya mzazi. Usiende kumhubiria Bauhaus. Nenda na mama, siku ametulia, asiwepo mgeni. Mpelekee lebo ya asali uliyoitengeneza na daftari linaloonyesha umeingiza kiasi gani pale dukani mwezi hadi mwezi. Kisha sema utachangia sehemu fulani ya ada kuanzia semista ijayo, na uitaje kiasi. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka usilimalize kwa simu mpya, au daftari lile halitakuwa na maana. Mzee akiona binti anashika ada mwenyewe, swali la ugali anaacha kuliuliza.

Na ikishindikana kabisa, ada ikakosekana, usipotee chuoni kimyakimya. Andika barua ya kuahirisha masomo, ipokelewe, utunze nakala, na uwajulishe Bodi ya Mikopo. Nimepokea barua nyingi za vijana walioondoka bila kuaga, na kurudi kumekuwa kugumu kuliko ada yenyewe.

Ukiamua kwenda Mtaa wa Uhuru kutazama kanga kwa ajili ya ile insha, nenda katikati ya wiki asubuhi. Jumamosi wenye maduka hawana muda na mwanafunzi anayeuliza maswali bila kununua doti hata moja.

Shangazi